Askari wa Bure wa Fundi Zwettler

Halmashauri ya Chama cha Sataranji cha Mkahawa wa Leitgeb, ikiwa imeketi kihalali, akidi ikiwa imetimia na jiko likiwa limewashwa, inatamka kama ifuatavyo. Kwamba ufunguzi uitwao gambiti ya mfalme, ambao mwenye kete nyeupe humtoa askari wake bure katika hatua ya pili kwa tamaa ya kushambulia mapema, umechunguzwa kisayansi na kuonekana hauna msingi. Kwamba mwenye kete nyeusi akipokea anachopewa na kukishikilia, hana budi kushinda. Kwamba ufunguzi huo ni masalio ya enzi za ujana na ulevi, na haulingani na hadhi ya karne yetu. Kwamba kuanzia leo mwanachama atakayeutumia ndani ya mkahawa huu atapoteza kiti chake.

Azimio lilipitishwa kwa kura zote, likaandikwa kwa mwandiko wa mapambo, likatiwa fremu ya mti wa jozi na kutundikwa ukutani juu ya meza iliyo karibu na jiko. Vienna wakati huo ilikuwa na shida nyingine. Soko la hisa lilikuwa limeanguka, mabenki yalikuwa yanafunga milango asubuhi na kusahau kuifungua mchana, na kipindupindu kilikuwa kimepita na kuondoka na watu wa mtaa mzima kule ng'ambo ya mfereji. Halmashauri ilishughulikia lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Azimio halikumtaja mtu, wala hapakuwa na haja. Katika chama kizima aliyekuwa bado anaucheza mchezo huo ni mmoja tu, Nepomuk Zwettler, fundi wa glavu wa mtaa wa Neubau, na meza ile iliyotundikiwa fremu ilikuwa meza yake.

Zwettler alizaliwa nyuma ya karakana ambamo alikuja kufanya kazi maisha yake yote. Baba yake alikuwa fundi wa glavu, na babu yake vilevile, na wote watatu walinuka harufu moja ya ngozi ya mwanambuzi na viini vya mayai, kwa kuwa ngozi laini hulainishwa kwa mayai mengi kuliko yanayoliwa katika hoteli. Aliwahi kuchumbia mara mbili. Mchumba wa kwanza aliolewa na mwoka mikate. Wa pili aliolewa na kaka wa mwoka mikate. Baada ya hapo Zwettler akawa ananunua mikate mtaa wa pili, na nyumba ikawa ya watu wawili, yeye na dada yake mkubwa, Kreszenz, aliyekuwa akishona vidole vya glavu nyuma ya pazia na kutoa maoni.

Sataranji alijifunzia hospitali ya jeshi, mwaka ule tuliposhindwa na Waprusia. Kwenye kitanda cha jirani alilala askari wa farasi kutoka Hungaria aliyekuwa amekatwa mkono wa kushoto na kuambiwa na madaktari kwamba hatamaliza wiki. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kucheza michezo mirefu. Alimfundisha Zwettler ufunguzi mmoja tu, ule unaomaliza mambo haraka. Toa askari, toa farasi, toa chochote, mradi mfalme wa mwenzako asipate nafasi ya kuvuta pumzi. Yule Mhungaria hakufa. Alipona, akafungua duka la tumbaku, akanenepa. Lakini hakuna aliyempelekea Zwettler habari kwamba sasa ana ruhusa ya kucheza polepole.

Kwa hiyo kila jioni, baada ya kazi, alikuja kwa Leitgeb, akaketi kwenye kiti kile kando ya jiko, akaletewa kahawa na glasi ya maji, na akatoa askari wake bure. Mara nyingi alishindwa. Hili lisemwe wazi, kwa sababu watu wanapenda kumfanya kila mtu wa namna hii kuwa bingwa aliyejificha. Zwettler hakujificha. Tulimwona wote akishindwa, miaka saba, kwa moyo mkunjufu, na kila aliposhindwa alipanga kete upya na kumtoa askari yuleyule.

Aliyeleta azimio ni mwenyekiti wetu, Diwani Egidius Stahlhofer. Alikuwa Diwani wa serikali katika mambo ya chumvi. Alicheza vizuri, nani akatae, ila alicheza kama mtu anayepitia hesabu za mkoa. Alichukua askari mmoja, akamweka kando ya ubao juu ya leso safi, kisha akangoja mwenzake azeeke. Kilichompa uchungu ni kwamba mwezi wa Novemba, siku moja ya mvua, Zwettler alikuwa amemshinda. Ilikuwa mara moja tu katika miaka saba, na Diwani alikuwa na mafua. Lakini ilitosha kuleta uchunguzi wa kisayansi.

Siku fremu ilipotundikwa, Zwettler aliingia, akavua kofia, akasimama kulisoma azimio lote kutoka juu mpaka chini. Wenzel, mkuu wa wahudumu, alikuwa amekwisha mwekea kahawa.

"Linasemaje?" akauliza Wenzel, ambaye ndiye aliyepigilia msumari.

"Linasema mimi ni masalio ya ulevi."

"Wewe? Hunywi hata bia."

"Basi ujana."

Diwani alikuwa ameketi meza ya pili na gazeti lake. Akalishusha kidogo. "Fundi Zwettler, usilichukulie kama jambo la mtu binafsi. Ni sayansi. Askari ni askari. Ukinipa, ninaye. Nikiwa naye, wewe huna. Mengine yote ni mashairi."

"Bwana Diwani, kifungu cha saba cha chama bado kipo?"

Vichwa vikageuka mkahawa mzima. Kifungu cha saba kiliwekwa na waanzilishi walipokuwa vijana, na hakuna aliyewahi kukitumia. Kinasema azimio lolote kuhusu mchezo laweza kupingwa ubaoni, mchezo mmoja, dhidi ya aliyelileta. Anayepinga akishinda, anabaki na haki yake. Akishindwa, anatoka chamani.

"Kipo," akasema Diwani. "Lakini fikiri. Ukishindwa hupotezi mchezo tu. Unapoteza kiti. Jiko. Sisi."

"Nimefikiri. Nina swali moja. Nikitoa, utapokea?"

"Azimio linasema nini?"

"Linasema ukipokea na kushikilia huna budi kushinda."

"Basi nitapokea."

"Vyote?"

Mtu mmoja pale nyuma akacheka. Diwani akakunja gazeti kwa utulivu wa mtu anayefunga faili. "Vyote, Fundi. Kila utakachotoa. Mimi si mtu wa kukataa hoja yangu mwenyewe."

Ikapangwa Jumapili baada ya wiki tatu, alasiri, Zwettler kete nyeupe.

Msomaji wa leo huenda asione uzito wa ahadi ile. Siku zile, kwetu, mtu akikutolea kafara ubaoni ulipokea. Kukataa lilikuwa jambo linaloruhusiwa, kama kuruhusiwa kuondoka kwenye harusi kabla ya supu. Aliyekataa alisemwa kwamba ana damu ya samaki, na watu walianza kumpa mkono kwa vidole viwili. Sasa Diwani alikuwa ameifunga desturi ile kwa sayansi na kuitundika ukutani kwa msumari wa Wenzel.

Nyumbani Kreszenz alizipata habari kabla ya ndugu yake kufika, kwa njia ambayo wanawake wa Neubau wanapata habari zote, yaani kwa muuza maziwa.

"Muki," akamwita kwa jina la utotoni kabla ndugu yake hajavua koti, "ni kweli umekiweka kiti chako rehani?"

"Ni kweli, dada."

"Ukishindwa utakuwa unakaa wapi jioni?"

"Hapa, nadhani."

Sindano ilisimama. "Hapa."

"Kwani pana tatizo?"

"Muki, nimekupikia toka mama alipofariki. Nimekufulia. Nimekusikiliza ukiimba ukiwa unanyoa ndevu. Nimeyavumilia yote haya kwa sababu saa kumi na mbili unaondoka. Sikiliza vizuri. Utashinda."

"Si rahisi hivyo. Bwana Diwani anacheza vizuri kuliko mimi."

"Basi jifunze mchezo mwingine. Kuna mingapi?"

"Mingi."

"Cheza mwingine."

"Hapana," akasema Zwettler, na sauti yake haikuwa ya ubishi. Ilikuwa kama mtu anayetaja jina lake. "Mchezo ninao mmoja. Kiti nitabaki nacho kwa huo huo, au sitabaki nacho."

Kreszenz akaivuta sindano. "Kama baba," akasema. "Naye alikuwa hamsikilizi mtu, mpaka akafa." Lakini siku ile alimwekea nyama kubwa zaidi.

Wiki zile tatu Zwettler alifanya mazoezi na kila aliyekubali. Alicheza na Wenzel, aliyekuwa akisogeza kete amesimama, sinia mkononi, kati ya meza moja na nyingine, na alishindwa na Wenzel. Alicheza na mwandishi wa haya, akashindwa pia. Kila mara alikaa na kuuliza ni wapi shambulio lilipoishiwa nguvu, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Mpinzani alipokea askari, akapokea farasi, kisha mahali fulani akasema asante, inatosha, akamficha mfalme wake na kukaa salama na mali yake.

"Tatizo la mchezo wako, Fundi," akasema Wenzel akimwondolea kikombe, "ni kwamba watu wanashiba."

Zwettler aliyabeba maneno hayo mpaka karakanani, na huko aliyaweka kwenye meza ya kukatia pamoja na kazi nyingine. Ngozi ya glavu haikatwi kama ilivyo. Inavutwa kwanza kwenye ukingo wa meza, kwa mikono miwili, mpaka inakaribia kuchanika, na ni karibu hapo hapo, si kabla. Fundi mwoga anaacha mapema, na glavu zake hulegea baada ya mwezi kama soksi za mpangaji. Zwettler alichana ngozi nyingi ujanani. Sasa mikono yake ilijua ngozi ipi itavutika na ipi itakatika, na ilijua hivyo kwa kuishika tu.

Alhamisi ya wiki ya mwisho Diwani Stahlhofer mwenyewe alikuja karakanani. Alitaka glavu za Pasaka, nyeupe, na alitaka kuzungumza. Zwettler akamketisha, akachukua utepe wa kupimia.

"Bwana Diwani, tandaza vidole."

Diwani akatandaza. "Fundi, mimi si mtu katili. Nimezungumza na halmashauri. Jumapili fungua kwa njia nyingine. Askari wa malkia, kwa mfano. Tutacheza mchezo mrefu wa heshima, nitakushinda kwa upole, nasi tutasema upinzani haukuhusu azimio. Kiti kinabaki chako."

"Na fremu?"

"Fremu inabaki yetu."

"Kidole gumba, tafadhali. Usikikaze." Zwettler akaandika kipimo. "Bwana Diwani, ukinipa mimi kiti kwa sharti nisicheze, nitakuwa nakikalia kufanya nini?"

"Kusoma magazeti, kama wengine."

"Sijui kusoma magazeti. Nikifika ukurasa wa pili nalala."

"Wewe ni mtu mkaidi."

"Ndiyo, Bwana Diwani. Mkono wa kushoto."

Alipomaliza kupima, Zwettler akafungua droo, akatoa jozi moja ya glavu zilizokwisha shonwa, rangi ya kahawia, ngozi nzuri kuliko zote zilizokuwamo humo. "Na hizi ni zawadi. Kwa usumbufu wa kuja mpaka Neubau."

Diwani akazigeuza, akazinusa, akaingiza vidole. Zilimkaa kama alizaliwa nazo. "Fundi, huna haja," akasema.

"Ni bure, Bwana Diwani."

Aliporudi nyuma ya pazia, dada yake alikuwa amesimama, sindano ikielekea kwake. "Nimesikia. Umempa zile za kahawia? Bure? Mtu anayetaka kukufukuza?"

"Nilitaka kuona kama atakataa."

"Na?"

"Aliuliza kama zipo za rangi ya kijivu."

Kreszenz akaketi taratibu. Hakujua hata farasi anatembeaje ubaoni, lakini watu aliwajua. "Na wewe ukafanyaje?"

"Nimempa na za kijivu," akasema Zwettler.

Jumapili mkahawa ulijaa kama siku ya mazishi ya tajiri. Waliokosa viti walisimama, na waliokosa pa kusimama walisimama juu ya viti vya waliosimama. Ilikuwa marufuku kusema chochote karibu na ubao, kwa hiyo kila mtu alisema chinichini. Zwettler aliketi kwenye kiti chake, mgongo ukutani. Diwani aliketi upande wa pili, leso yake safi imetandazwa kando ya ubao, na kila alipoinua macho aliliona azimio lake juu ya kichwa cha mpinzani, fremu imefutwa vumbi.

Zwettler alisogeza askari wa mfalme hatua mbili. Diwani akajibu vivyo hivyo. Kisha Zwettler, bila kuharakisha, akamshika askari wa jirani na kumsogeza hatua mbili, pale pale anapoliwa.

Diwani akamchukua, akamweka juu ya leso.

Hatua zilizofuata kila mtu pale alikuwa ameziona mara mia. Farasi mweupe akatoka, askofu mweupe akatoka, na Diwani akatuma askari wake wa pembeni kumfukuza farasi. Mtu mwenye akili humwondoa farasi. Zwettler akamweka mfalme wake nyuma ya ngome na kumwacha farasi aliposimama.

"Huyo naye anatolewa," akanong'ona Wenzel, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia tupu.

Diwani akamla farasi, na malkia mweupe akamla askari aliyemla. Leso ilianza kupendeza. Sasa Diwani akamtoa malkia wake, kwa kusudi la kutuliza mambo, na Zwettler akamsukuma askari wa kati mbele ya malkia yule. Askari wa bure tena. Diwani akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamla.

Hapo ndipo Zwettler alipomchukua askofu wake na kumpiga naye askari aliyesimama ubavuni mwa mfalme mweusi.

"Shaha," akasema, yaani mfalme yuko hatarini.

Askofu yule hakuwa na mlinzi. Mfalme angeweza kumla palepale. Ila pia angeweza kusogea hatua moja kando, kwenye chumba alichokiacha malkia, akamwacha askofu na mawazo yake. Wengi wetu tuliona kwamba kusogea kando ndiyo busara. Diwani aliona kabla yetu. Tulijua aliona kwa sababu mkono wake, ambao kwa kawaida ulipokea haraka, ulibaki juu ya ubao, vidole vimetandazwa, kama unapimwa.

Alitazama ubao. Kahawa yake ilipoa. Jiko lililia kidogo, Wenzel akaliongezea kuni bila kuangalia. Kisha Diwani akainua macho, na macho yakakutana na mwandiko wa mapambo. *Akipokea anachopewa na kukishikilia.* Nyuma yake walisimama watu wasiopungua hamsini waliokuwapo siku aliposema vyote.

"Unaruhusiwa kukataa, Bwana Diwani," akasema Zwettler. Alisema kwa heshima, na hakuna maneno ambayo angeweza kuyasema mabaya kuliko hayo.

"Nani amezungumzia kukataa?" akasema Diwani, na mfalme wake akamla askofu.

Kuanzia hapo mchezo ulikwenda upande mmoja, ingawa mtu aliyehesabu leso angedhani ni upande wa Diwani. Zwettler alimtoa askari mwingine katikati, na malkia mweusi akamla, kwa shaha, na kwa sauti. Askofu wa pili wa Zwettler akatoka kumziba malkia yule na kumfukuza kwa hatua hiyo hiyo. Kila alichokula Diwani kilimgharimu hatua moja, na kila hatua aliyopoteza yeye ilikuwa ya Zwettler. Kete nyingi za Diwani zilikuwa bado zimesimama zilipozaliwa. Ngome zake mbili hazijui hata kama kuna vita. Mfalme alirudi alikotoka, lakini nyumba sasa haikuwa na ukuta.

Zwettler alicheza akiwa amekaza taya. Hakutazama fremu, hakutazama watu. Farasi wake wa pili akaingia katikati na kumsukuma malkia mweusi pembeni. Ngome yake ikashika mstari wa mfalme.

"Shaha."

Diwani akaziba kwa askofu. Zwettler akamweka askofu wake mbele ya pua ya huyo wa Diwani, mahali ambapo askari mmoja angeweza kumla.

"Fundi anagawa mpaka kabati," akasema mtu.

"Kimya," akasema Wenzel, ambaye alikuwa amesahau sinia lake kichwani mwa mgeni mmoja.

Kwa mara ya kwanza siku ile Diwani hakupokea. Aliona hatari, akamsogeza mfalme hatua moja kando, kwenye kile kile chumba alichokikataa mwanzo. Alifika pale na jasho la masharubu, kama mtu anayepanda treni iliyokwisha kuondoka.

Zwettler akamchukua malkia wake. Akampeleka mpaka mwisho wa ubao, kwenye mstari wa wafalme, akamweka mbele ya askofu mweusi, bila mlinzi, bila kisingizio.

"Shaha."

Mkahawa mzima ulisimama, pamoja na waliokuwa wamekwisha simama. Diwani alimtazama malkia yule. Sasa hakukuwa na chaguo la maana. Angeweza kumziba kwa malkia wake mwenyewe, au kumla, na mwisho ulikuwa mmoja. Mtu mwingine pengine angemziba, kwa ajili ya heshima. Diwani alimla. Alikuwa amekwisha zoea.

Alimweka malkia mweupe juu ya leso, pamoja na farasi, na askofu, na askari watatu. Leso ilikuwa imejaa kabisa.

Zwettler akamsogeza askofu wake aliyebaki hatua moja, akamla askari aliyekuwa mlangoni kwa mfalme, farasi akimlinda kwa nyuma na ngome ikiwa imefunga njia ya upande wa pili.

"Shaha mati," akasema, na baada ya kufikiri, "Bwana Diwani."

Palikuwa na kelele ambazo Leitgeb, mwenye mkahawa, alizizungumzia mpaka uzeeni. Wenzel alileta konyaki bila kuagizwa. Diwani alibaki ameketi, akitazama alivyokuwa navyo na mahali mfalme wake alipokuwa. Kisha akasimama, akatoa mkono, mkono mzima, si vidole viwili.

"Mchezo mzuri, Fundi. Usio wa kisayansi."

"Ndiyo, Bwana Diwani."

Zwettler hakukaa kunywa. Safari hii alitaka dada yake azipate habari kwake, si kwa muuza maziwa. Akavaa koti, akatembea mpaka nyumbani, na kulikuwa bado na mwanga wa jua kwenye mabomba ya paa. Kreszenz alikuwa ameketi jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, keki ya karanga mbele yake, madirisha wazi. Hakuna aliyewahi kumwona ametulia namna ile.

Alipomwona ndugu yake rangi ikamtoka. "Mbona umerudi mapema? Umeshindwa?"

"Nimeshinda, dada."

Akafumba macho, midomo yake ikatamka kitu, labda sala. Kisha akayafumbua. "Kiti ni chako?"

"Ni changu."

"Basi kipo wazi," akasema, akikata keki. "Rudi kakikalie. Chukua kipande hiki ule njiani."

Akarudi. Tulikuwa bado tunabishana. Kiti kilikuwa kitupu kando ya jiko na hakuna aliyekigusa, ingawa watu walikuwa wamekaa mpaka kwenye kingo za madirisha. Aliketi, Wenzel akamletea kahawa na glasi ya maji, na akapanga kete. Mwandishi wa haya ndiye aliyeketi mbele yake. Zwettler akamtoa askari wake bure, na akashindwa.

Halmashauri ilikutana Jumatano. Baada ya majadiliano marefu ilithibitisha kwa kura zote kwamba azimio ni sahihi, kwamba mchezo wa Jumapili ulikuwa kesi ya pekee isiyogusa kanuni, na kwamba Fundi Zwettler, kwa mujibu wa kifungu cha saba, yeye binafsi hahusiki nalo. Fremu ilibaki ukutani, na ikafutwa vumbi kila Jumamosi. Mwenyekiti aliomba jambo moja dogo, kwamba yeye anapocheza meza ile awe anakaa upande wa ukutani.

Jumatatu ya Pasaka tulicheza na chama cha mji wa Graz. Ubao wa kwanza, kete nyeupe, Diwani Stahlhofer alivua glavu zake za kijivu, akasogeza askari wa mfalme hatua mbili, na alipojibiwa, akasogeza yule wa jirani yake, hatua mbili.